Dadu mbili, vitabu vinne: uchague mchezo gani wa asilimia?

Shemeji yangu alirusha dadu mbili. Moja ikasoma 90, nyingine 7. Akainuka kitini, mikono juu. "Tisini na saba! Hiyo A, jamani!"

Tulimwacha ashangilie kidogo kabla ya kumpa habari kwamba mhusika wake, askari mstaafu aliyekuwa akikwea ukuta wa nyumba yenye mashetani, ameshaanguka chali. Ustadi wake wa kukwea ulikuwa 40, na alitakiwa apate 40 kushuka chini.

"Sasa shule nilienda kufanya nini?" akauliza, akaketi.

Hilo ndilo jambo pekee linalomsumbua mgeni katika michezo ya kuigiza ya mezani (kila mchezaji anaigiza mhusika wake, msimuliaji anaendesha kisa) inayotumia asilimia: namba kubwa ni mbaya. Akishalishika, amemaliza nusu ya kanuni. Karatasi ya mhusika inasema "Kusikiliza 55", naye anajua papo hapo kwamba katika majaribio mia atafanikiwa hamsini na tano. Hakuna cha kujumlisha wala namba ya siri iliyofichwa na msimuliaji. Sote tumekulia kwenye ripoti za shule zenye alama juu ya mia, kwa hiyo hakuna wa kufundishwa asilimia ni nini.

Njia hii ilipata umaarufu kupitia RuneQuest, iliyotolewa na kampuni ya Chaosium ya Marekani mwaka 1978, na tangu hapo imezaa ukoo mkubwa. Dadu ni zilezile mbili za pande kumi, moja ya makumi na moja ya mamoja. Ndiyo maana mtu akiniuliza aanze na mchezo upi, simjibu kwa kanuni. Namuuliza atakuwa ameshika kitabu gani wenzake wanne wakimkodolea macho huku yeye anapekua kurasa kutafuta mtu aliyechomwa kisu anakufa baada ya muda gani. Hapo ndipo vitabu vinapoachana. Vinne nimeviendesha vya kutosha kuvisemea: Call of Cthulhu toleo la 7, Delta Green, Mothership, na Warhammer Fantasy Roleplay toleo la 4.

Mrusho mmoja, tafsiri nne

Kwanza uone jinsi ndugu wa tumbo moja wanavyoweza kutofautiana. Mhusika ana ustadi wa 45. Anarusha, anapata 33.

Katika Call of Cthulhu amefanikiwa, basi. Nusu ya 45 ni 22, na 33 imeipita, kwa hiyo ni mafanikio ya kawaida. Katika Delta Green amefanikiwa kwa kishindo, kwa sababu tarakimu zinafanana na bado yuko chini ya ustadi wake. Mothership nako tarakimu pacha ni kishindo. Katika Warhammer unatoa makumi kwa makumi, 4 kutoa 3, unapata daraja moja la mafanikio. Kama ni vitani, pacha ni jeraha baya, na ukizigeuza tarakimu ili kujua pigo limetua wapi, 33 inabaki 33: mkono.

Sasa arushe sifuri mbili, 00 na 0. Katika Call of Cthulhu hiyo ni 100, msiba. Delta Green na Warhammer ni msiba vilevile. Katika Mothership ni sifuri kweli, mrusho bora kuliko yote, na balaa lenyewe ni 99. Tulipohama kutoka mchezo mmoja kwenda mwingine jioni moja, mtu alirusha sifuri mbili na meza ikagawanyika, nusu wanapiga makofi, nusu wanatoa pole.

Call of Cthulhu: mwalimu mwenye maneno mengi

Huu ndio mkongwe wa kutisha. Sandy Petersen aliuandika, ukatoka mwaka 1981. Wachezaji ni watu wa kawaida, labda mwandishi wa habari, daktari, au mhadhiri, wanaochunguza mambo ambayo afadhali wasingeyajua. Kila wanachokiona kinawapunguzia utimamu wa akili, nao umeandikwa kwa asilimia kama vitu vingine vyote. Ni wazo zuri mno: ukiona jambo la kutisha unarusha dhidi ya utimamu wako, ukishindwa unaupoteza, na kadiri unavyopungua ndivyo kushindwa tena kunavyokuwa rahisi. Kanuni yenyewe inateremka kama mtu anayeporomoka mlima.

Toleo la 7, kazi ya Paul Fricker na Mike Mason iliyotoka mwaka 2014, lilisafisha nyumba. Zamani nguvu na akili za mhusika zilikuwa namba za 3 hadi 18 ambazo ulizizidisha kwa tano kila ulipotaka asilimia, na kulikuwa na jedwali zima la kushindanisha nguvu. Sasa kila kitu ni asilimia tangu mwanzo. Hali ikiwa ngumu au rahisi, huongezi wala hupunguzi namba: unarusha dadu ya pili ya makumi, ukichukua ndogo kama una nafuu au kubwa kama una kikwazo. Mtoto wa darasa la nne anaelewa.

Kanuni ninayoipenda kuliko zote humo ni ya kulazimisha. Umeshindwa kufungua mlango? Unaweza kujaribu tena, mradi ueleze unafanya nini tofauti, na msimuliaji anakwambia mapema kwamba ukishindwa mara hii kitu kibaya kitatokea. Meza inanyamaza. Mtu anatazama dadu kana kwamba ni nyoka.

Sasa kitabu. Ni kinene, kizuri kutazama, na kinazungumza sana. Kwanza utangulizi, halafu sura nzima juu ya H. P. Lovecraft, mwandishi aliyebuni miungu ya kutisha ambayo mchezo umejengwa juu yake, kisha kutengeneza mhusika, kisha stadi zaidi ya arobaini moja baada ya nyingine, na ndipo ufikie sura inayokueleza namna ya kurusha dadu. Yaani umesoma jinsi ustadi wa kutishia watu unavyoweza kulazimishwa kabla hujaambiwa kulazimisha ni nini. Mtu anayesoma toka mwanzo hadi mwisho anachoka njiani. Nilimpa rafiki kitabu kwa wiki mbili ili naye aendeshe, akakirudisha akisema, "Kaka, nimefika kwenye stadi, nikalala."

Kutengeneza mhusika nako kuna hesabu. Elimu mara nne, au elimu mara mbili jumlisha wepesi mara mbili, kutegemea kazi. Akili mara mbili kwa mambo ya binafsi. Halafu kila ustadi uandikiwe nusu yake na sehemu yake ya tano kwenye visanduku vidogo. 55, 27, 11. 60, 30, 12. Ukiwa na wachezaji wanne na kalamu mbili, jioni imekwisha. Na ile sura ya kukimbizana, pamoja na vituo na vizuizi vyake, nimeijaribu mara mbili. Siku hizi mtu akikimbizwa narushisha dadu mara tatu, tunaendelea.

Dawa ipo, na wenyewe wameitoa: Quick-Start ya bure kwenye tovuti ya Chaosium, ina kanuni za kutosha na kisa kimoja cha nyumba yenye mashetani. Ndiko shemeji alikoangukia. Pia kuna sanduku la kuanzia la mwaka 2018 lenye kisa cha kucheza peke yako, kinachokufundisha kanuni huku unasoma. Nakushauri uanzie hapo, na kitabu kikubwa ukinunue siku swali likikushinda.

Kwa msomaji wa huku kuna udadisi wa ziada. Kampeni yake (yaani mfululizo wa visa vinavyoungana) maarufu kuliko zote, Masks of Nyarlathotep ya mwaka 1984, inawapeleka wachunguzi wa mwaka 1925 kutoka New York hadi London, Kairo, Kenya na Shanghai. Sura ya Kenya ina Mombasa, ina Nairobi, na ina kijana anayeitwa Johnstone Kenyatta, jina alilolitumia Jomo Kenyatta enzi hizo. Nilifurahi kumkuta. Sikufurahi kuona jinsi wenyeji wengine walivyoachwa kuwa ama wabeba mizigo ama waabudu shetani. Toleo la 2018 limejirekebisha kwa kiasi, lakini ukiiendesha Afrika Mashariki utajikuta unaandika watu wako mwenyewe: mwenye duka Mji wa Kale, karani wa reli, bibi anayejua kila meli iliyotia nanga. Wachezaji wangu walikaa Mombasa vipindi vitatu badala ya kimoja, hawakutaka kupanda treni.

Delta Green: mtoto aliyejifunza kukaa kimya

Delta Green ilianza mwaka 1997 kama nyongeza ya Call of Cthulhu, ikajitegemea mwaka 2016. Miungu ni ileile, ila wachezaji ni maofisa wa serikali ya Marekani wa zama hizi wanaofanya kazi ya siri na kuificha hata nyumbani. Kitabu cha wachezaji ni chembamba kuliko cha baba yake na kimepangwa na mtu aliyewahi kukaa mezani. Jambo moja, ukurasa mmoja au miwili, kichwa kinachoonekana kwa mbali.

Hapa hakuna nusu wala sehemu ya tano. Kama mazingira ni magumu unapunguza 20, yakiwa magumu sana 40. Na ustadi ukiwa wa kutosha kwa kazi iliyopo, hakuna haja ya kurusha: daktari mwenye 60 haruki patupu kwenye kufunga kidonda cha kawaida. Sentensi hiyo moja inaokoa nusu saa kila kipindi.

Silaha kali zina kipimo cha kuua. Tuseme ni 20. Ukirusha 20 kushuka chini, aliyepigwa amekufa, hakuna mjadala. Ukirusha 57, unajumlisha tarakimu, 5 na 7, anapata madhara 12, na mtu wa kawaida ana uhai wa kama kumi na moja hivi. Mrusho mmoja umejibu maswali mawili. Msanifu wa kanuni akiweza kufanya hivyo, mvulie kofia.

Kinachouma ni mahusiano. Mhusika ana mke, mtoto, rafiki wa zamani, kila mmoja na namba yake. Utimamu ukikaribia kuporomoka unaweza kulihamishia pigo kwa mmojawapo, na namba yake inashuka. Kati ya operesheni unaigiza nyumbani: kwa nini hukuja kwenye mahafali. Wachezaji wangu wawili, wote wenye familia, waliomba tuache kwa muda.

Ukitaka kuonja, tafuta Need to Know, kijitabu cha kuanzia. Kisa chake ni kusafisha nyumba ya ofisa mzee aliyefariki kabla ndugu zake hawajakuta alichoficha. Ndani ya saa tatu, mmemaliza.

Mothership: karatasi inayofundisha

Huu ni wa angani, wa kutisha, wa watu maskini kwenye vyombo vibovu. Toleo la awali lilitoka mwaka 2018. Kitabu cha wachezaji hakifiki kurasa 50, kidogo kama daftari la shule. Ukichapa kurasa mbili kila upande, unahitaji karatasi za A4 zisizofika kumi na tatu, ukikunja na kupiga pini katikati. Faili lake ni la bure au unalipa utakacho. Nililipeleka steshenari ya mtaani kwetu kwenye flashi, bila rangi, na lilisomeka vizuri. Kijana wa pale alipoliona akauliza kama ni mwongozo wa mtihani. (Steshenari nyingine, sitaitaja, ilinichapia nakala yenye kurasa zilizopinduliwa kichwa chini. Ikawa kitabu cha msimuliaji kwa miezi miwili.)

Ajabu yake kubwa ni karatasi ya mhusika. Ina namba za hatua na mishale. Hatua ya kwanza, rusha dadu mbili ujumlishe 25, andika hapa. Chagua uwe askari, roboti, mwanasayansi au kibarua wa chombo. Stadi zimechorwa kama mti, mistari ikionyesha ipi inazaa ipi: ya msingi inakuongezea 10, ya juu 15, ya ubingwa 20. Niliweka karatasi mbele ya watu watatu ambao hawajawahi kucheza kitu kama hiki, nikaenda jikoni kuandaa chai. Niliporudi wawili walikuwa wamemaliza na wa tatu alikuwa anatafuta jina. Sikuwa nimesema neno. Hakuna kitabu kingine kati ya hivi kinachoweza hilo.

Ukishindwa jambo, msongo unapanda kwa moja. Hofu ikija unarusha dadu ya pande ishirini na lazima uushinde msongo wako, la sivyo unasoma kwenye jedwali umefanya kituko gani. Na kuna kitu kilichoachwa kwa makusudi: hakuna ustadi wa kujificha. Ukitaka kujificha, sema unajificha wapi. Chini ya meza? Miguu inaonekana. Ndani ya bomba la hewa? Utatoka vipi? Mchezo wote unatokea kwenye mazungumzo hayo, na ustadi ungeyaua kwa mrusho mmoja.

Lawama zake ni za kweli pia. Namba za kuanzia ni ndogo. Wastani wa sifa ni kama 36, pamoja na ustadi wa msingi 46, na 90 kwenda juu ni kushindwa kwa kila mtu. Ukiwarushisha wachezaji dadu kwa kila kitu, watashindwa mfululizo na kununa. Kitabu kinakuonya urushe mara chache, lakini wasimuliaji waliotoka kwenye michezo mingine hawasikii mpaka waone. Mimi nilikuwa mmoja wao. Kitabu cha msimuliaji, hata hivyo, ndicho bora nilichosoma kwa mtu anayeanza. Hakikuhadithii historia ya sayari. Kinakuambia chukua daftari, kisha kinakuongoza kuandaa kipindi cha kwanza.

Warhammer: utamu wa shubiri

Nataka kuupenda mchezo huu kuliko ninavyoupenda. Ulimwengu wake, ufalme wa matope na ufisadi unaofanana na Ujerumani ya kale, una ucheshi mweusi ambao meza yetu inauelewa bila kuelezwa. Kazi ni 64, na ukikubali ile iliyoletwa na bahati unazawadiwa pointi za kujiendeleza. Ndivyo ulivyo mchezo ambamo unaweza kuanza maisha kama mkamata panya na mbwa wake mdogo mkali.

Lakini tazama pigo moja. Nina ustadi wa 43, nimerusha 28: madaraja mawili. Adui ana 35, amerusha 51: hasi mbili. Tofauti ni nne. Nageuza 28 kuwa 82: mguu. Nne jumlisha madhara ya upanga wangu, saba, ni kumi na moja. Toa ugumu wa mwili wake, tatu. Ana ngozi mguuni? Toa moja. Saba. Nimeshinda, kwa hiyo nina faida inayoniongezea kumi kwenye pigo lijalo, mradi mtu akumbuke. Na hilo ni pigo moja kati ya watu wawili, ilhali chumbani wapo sita.

Wapo wanaozipenda hesabu hizi, na siwacheki. Kila mrusho una hadithi, na kugeuza tarakimu ni ujanja mtamu. Kosa ni la kitabu. Vipaji viko sura moja kwa mpangilio wa alfabeti, sifa za viumbe ziko mwisho kabisa, hali kama kuchanganyikiwa na kutokwa damu ziko kwingine. Nikimleta kiumbe mmoja mwenye sifa sita, naweka vidole vitatu kati ya kurasa kama fundi bomba anayeziba mvujo. Wachapishaji, Cubicle 7, baadaye walitoa njia nyingine ya kuhesabu ile faida katika kitabu cha nyongeza, Up in Arms, nayo ni afadhali, ila sasa una vitabu viwili vya kupekua. Ukiuchagua, teua mchezaji mmoja awe karani wa hesabu. Sisi tuna mwalimu wa fizikia, anaona raha.

Basi uchague upi

Kama hamjawahi kucheza na mna jioni moja: Mothership, bila kusitasita. Kama kundi lenu ni la watu wanaopenda kisa cha upelelezi kinachochukua miezi, na yupo mmoja mwenye subira ya kusoma: Call of Cthulhu, kwa kuanzia na ya bure. Visa vilivyoandikwa kwa ajili yake ni vingi kuliko utakavyoweza kucheza, na hilo lina uzito kwa msimuliaji mwenye kazi na watoto. Delta Green ni kwa watu wazima wanaofahamiana vya kutosha kuambiana "hapa tuishie". Warhammer ni kwa kundi ambalo tayari linacheza kila wiki na halina haraka.

Na kama unachotaka ni kuandika mchezo wako kwa Kiswahili, wa mji wako na majini yako, usihangaike na hivi vinne. Tafuta Basic Roleplaying, kanuni mama za Chaosium zilizotolewa upya mwaka 2023 chini ya leseni ya ORC, inayokuruhusu kujenga juu ya kanuni hizo na kuuza kazi yako.

Dadu za pande kumi si rahisi kupata madukani kwetu. Zipo programu za simu, lakini chaji huisha na mkono hutaka kitu cha kushika. Sisi tulitumia vizibo kumi vya soda, tukaviandika 0 hadi 9 kwa kalamu ya wino mzito, ndani ya mfuko wa kitambaa. Chomoa kimoja, hayo ni makumi. Kirudishe, tikisa, chomoa tena, hayo ni mamoja. Usipokirudisha hutapata tarakimu pacha hata siku moja, na katika Mothership shemeji alicheza wiki tatu nzima akilalamika kwamba mfuko umerogwa kabla hatujagundua.